Je, Kijana Wetu Atafika NBA? Namna ya Kumpima Winga Aliyeko Chuoni

Yafuatayo ni maneno tuliyoyasema mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na marafiki wafadhili huko Sola, mkoani Simiyu. Tumeyapunguza kidogo kwa ajili ya jarida letu.

 

Kila tunapokutana hapa tunazungumzia visima, bei ya pamba, majosho na ada za shule. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya mpira wa kikapu. Tunaona wazee kadhaa wanatabasamu, na hatuwalaumu. Lakini swali lililoletwa kwetu ni zito, na lina fedha za watu ndani yake.

Swali ni hili. Kijana mmoja wa ukanda wetu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Marekani. Analipiwa masomo kwa sababu ya michezo. Urefu wake ni kama mita 1.98, na nafasi anayocheza ni winga. Mtu anayejiita wakala ameipigia simu familia. Anasema kijana ameiva, aache chuo sasa, ajiandae kwa ligi kubwa ya kulipwa ya NBA, na kwamba zinahitajika fedha za kumlipia mazoezi na safari. Baba ameanza kuhesabu ng'ombe. Familia imeiuliza kamati iwapo mfuko wa elimu unaweza kuongezea pale ng'ombe watakapopungua. Jina la kijana hatulitaji, wala la chuo. Wenye kuhusika wanajua.

Basi tujifunze kumpima mchezaji kama wanavyompima wale ambao kazi yao ni hiyo. Mfugaji hanunui dume kwa kuangalia pembe tu.

Tuanze na nafasi zenyewe. NBA ina timu 30, na kila timu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 15 wenye mkataba kamili. Hao ni 450 kwa dunia nzima. Kuna nafasi nyingine tatu kwa kila timu za mkataba wa nusu huku nusu kule, ambapo mchezaji anahama kati ya timu kubwa na timu yake ya ligi ya chini. Kila mwaka mwezi wa Juni timu hizo huchagua vijana wapya kwa zamu, na majina hayazidi 60. Wale 30 wa kwanza ndio ambao mkataba wao una uhakika. Wa mzunguko wa pili hujadiliana kila mmoja na timu yake. Upande wa pili, vyuo vya daraja la kwanza pekee ni zaidi ya 350, na kila kimoja kina wachezaji kumi na kitu. Hatujahesabu madaraja ya chini, vyuo vya miaka miwili, wala vijana wa Ulaya, Australia na Afrika wanaogombea majina hayo hayo 60.

Sasa, winga ni nani? Katika kikapu kuna mfupi anayeongoza mpira, kuna mrefu sana anayekaa chini ya goli, na katikati yao wako mawinga, wengi wao wa mita 1.96 hadi 2.06. Kwa macho yetu hapa Sola mtu wa mita 1.98 ni mnazi. Lakini duniani watu wa urefu huo wenye uwezo wa kukimbia na kuruka ni wengi, kuliko wale wa mita 2.15 na kuendelea. Kwa hiyo winga anagombea katika foleni ndefu kuliko zote. Urefu unamfikisha kwenye foleni tu.

Hapo mtatuambia: mbona Hasheem Thabeet alifika? Ndiyo, alifika, na ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Habari zake zinatufundisha mengi, ingawa yeye hakuwa winga. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Ana urefu wa mita 2.21. Msimu wa 2008–09 katika Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba.

Lakini Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini, na baada ya hapo alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Hadi mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Haya hatuyasemi kwa kumdharau. Michezo 224 ni mingi mno kwa kijana aliyeanza akiwa na miaka 15, na ameendelea kulipwa kwa kazi yake Marekani kwenyewe na Asia kwa miaka mingi baadaye. Tunayasema kwa sababu dalili zilikuwepo mapema kwa aliyetaka kuziona.

Februari 2009 Connecticut ilicheza na Pittsburgh. Thabeet alikutana na DeJuan Blair, kijana mfupi kwake kwa kama sentimita 20 lakini mpana na mwenye nguvu za kiuno. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya Blair akimbeba Thabeet mgongoni na kumwangusha. Tena kuna jambo la kanuni ambalo wengi hawalijui. Katika kikapu cha vyuo mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya goli muda wote, akingoja wanaokuja. Katika NBA haruhusiwi kukaa pale zaidi ya sekunde tatu kama hana mtu anayemlinda karibu yake. Yule aliyekuwa mlinzi wa lango analazimishwa kutoka nje na kukimbizana. Hapo takwimu nzuri za chuo zinabaki chuoni.

Kwa hiyo mpimaji mzuri haulizi tu, "Amefunga ngapi?" Anauliza, "Haya anayoyafanya hapa, je, yatafanyika kule?"

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi huko Kongo, kwa jirani zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Msimu wa 2021–22 katika Chuo Kikuu cha Kentucky alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mchezo na pointi 17.4. Alipewa tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Bora kuliko wote! Mwaka 2023 majina yakasomwa, na lake halikusomwa. Kwa nini? Ana mita 2.06 hivi, urefu wa winga mrefu, lakini mchezo wake ulikuwa wa chini ya goli, na kule chini ya goli la NBA anakutana na watu warefu kuliko yeye. Mtupo wa mbali hakuwa nao. Ilimbidi aingie kwa mlango mdogo, ule wa mkataba wa nusu huku nusu kule, kwanza Indiana na kisha Utah, akipambana katika ligi ya chini. Anastahili heshima yetu kwa uvumilivu ule. Lakini kama tuzo zote hazikumpa uhakika, maneno ya simu kutoka kwa mtu tusiyemjua yana uzito gani?

Sasa tuje kwa winga mwenyewe. Kwa Afrika Mashariki mfano ulio wazi kabisa ni Luol Deng. Alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, mwaka 1985. Familia ilikimbilia Misri kwa sababu ya vita, na huko Manute Bol, yule mrefu maarufu wa Sudan, akawafundisha yeye na kaka zake. Baadaye walipata hifadhi London. Akiwa na miaka 14 alikwenda shule New Jersey, kisha Chuo Kikuu cha Duke. Alikaa Duke msimu mmoja tu, wa 2003–04, akiwa na wastani wa pointi 15.1 na ribaundi 6.9. Mwaka 2004 alichaguliwa wa saba, akachezea Chicago Bulls.

Angalieni hizo pointi 15.1. Hazitishi. Wako mawinga wengi wa vyuo waliofunga zaidi na leo hakuna anayewakumbuka. Waliompima Deng waliona mambo mengine. Alikuwa na miaka 18 huku akicheza dhidi ya watu wa miaka 21 na 22. Alikuwa na mikono mirefu. Alifunga bila kuhitaji kushika mpira muda mrefu, kwa kukata kuelekea golini wakati macho ya walinzi yako kwingine. Na alilinda. Chicago ilipompata Derrick Rose mwaka 2008, Deng hakulalamika kuwa mpira umehamia mikononi mwa mwingine. Alichukua kazi ya kumkaba winga hatari wa timu pinzani kila usiku. Msimu wa 2011–12 alicheza zaidi ya dakika 39 kwa mchezo, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi ile, na msimu uliofuata akaongoza tena. Miaka hiyo miwili, 2012 na 2013, aliitwa kwenye mchezo wa nyota. Alidumu katika ligi misimu 15.

Hiyo ndiyo kazi ya winga wa kulipwa. Katika kila timu kuna mtu mmoja au wawili ambao mpira ni wao. Winga atasimama kwenye kona, atangoja, atapewa mpira mara chache, na akipewa lazima autupe mara moja uingie. Kisha atarudi mbio kumlinda mtu mfupi mwenye kasi, na dakika inayofuata atamlinda mrefu mwenye nguvu. Kijana aliyezoea kuwa nyota wa kijiji, nyota wa UMISSETA na nyota wa chuo anaweza kupata shida sana na kazi hii. Sisi tungemwuliza kocha wake swali hili kabla ya jingine lolote: asipopewa mpira, anafanya nini?

Swali la pili ni la mtupo. Mstari wa pointi tatu katika vyuo uko mita 6.75 kutoka golini. Katika NBA uko mita 7.24 pale mbele, na unapungua hadi mita 6.70 kwenye kona. Nusu mita inaonekana ndogo. Mwambieni mtu arushe jiwe kwenye ndoo, kisha arudi nyuma hatua moja, huku mtu akimrukia usoni. Tena wapimaji wengi hawaridhiki na asilimia ya mitupo ya mbali katika msimu mmoja, maana inaweza kuwa bahati ya michezo michache. Wanatazama mitupo huru, ile ya kusimama peke yako bila mtu kukuzuia. Anayeingiza minane kati ya kumi ana mkono unaofundishika. Anayeingiza sita bado ana safari, hata kama wiki iliyopita alifunga za mbali tano mfululizo na video yake ikatumwa kwenye simu za watu wote wa Maswa na Bariadi.

La tatu ni umri pamoja na nafasi anayopewa. Kijana wa miaka 19 anayetoka benchi katika chuo chenye ushindani mkali anaweza kuwa na mbele nzuri kuliko wa miaka 23 anayefunga 20 katika chuo dhaifu. Hapo ndipo ukweli kuhusu umri una faida. Kuna watu wanaowashawishi wazazi wapunguze miaka kwenye karatasi. Mbali na kuwa ni uongo, unamfanya kijana apimwe kwa kipimo kisicho chake, na siku ukigundulika anapoteza masomo na mchezo pamoja.

Tusidhani pia kwamba asiyefika NBA amekosa kazi. Nuni Omot alizaliwa Kenya katika familia ya wakimbizi, akakulia Minnesota. Alipita chuo kidogo, kisha chuo cha miaka miwili, ndipo akafika Chuo Kikuu cha Baylor. Ni winga mrefu mwenye mtupo. Mwaka 2018 hakuchaguliwa na timu yoyote. Alitafuta kazi nchi mbalimbali, na mwaka 2023 mjini Kigali alitwaa ubingwa wa Ligi ya Kikapu ya Afrika na Al Ahly ya Misri, na akawa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2024 alikuwa na Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris, timu ambayo shirikisho lake linaongozwa na Luol Deng huyo huyo tangu mwaka 2019. Au chukueni winga wa Kenya, Tylor Ongwae, aliyesoma Louisiana-Monroe na kucheza kwa kulipwa Ulaya. Februari 2021 mjini Yaoundé aliifungia Kenya sekunde ya mwisho dhidi ya Angola, 74 kwa 73, na Kenya ikarudi kwenye mashindano ya mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Watu wa Nairobi hawakumwuliza kama amecheza NBA.

Mawinga hawa wawili wana jambo moja la kufanana: walicheza chuoni hadi mwisho. Kazi ya Ulaya au ya Afrika inapatikana vizuri baada ya chuo, na mshahara wake kwa wengi si wa kujenga ghorofa. Shahada inamngoja mchezaji siku goti litakapokataa.

Sasa kuhusu huyu wakala. Hapa tutasema waziwazi. Wakala wa NBA hupewa kibali na chama cha wachezaji, na malipo yake ni asilimia isiyozidi 4 ya mkataba, baada ya mkataba kuwepo. Analipwa kutoka katika mshahara wa mchezaji, si katika zizi la baba yake. Pili, kijana akitaka kujua anasimama wapi, iko kamati ya NBA inayotoa makadirio kwa wanafunzi wa vyuo wanaofikiria kuingia, na ombi hilo linapitia chuoni kwake. Anaweza hata kuandikisha jina lake na kuliondoa kabla ya tarehe iliyowekwa, akaendelea na masomo. Hakuna ng'ombe anayehitajika kwa lolote kati ya hayo. Tatu, na hili ndilo linalotutia hofu: kijana yupo Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Akiacha chuo, haki yake ya kuishi kule inakwisha. Wapo vijana wa Afrika walioachwa hivyo, bila chuo, bila timu na bila nauli.

Wafadhili wetu wametuuliza pembeni kama ndoto za namna hii zina nafasi katika mfuko wa elimu. Kwa maoni yetu zina nafasi, kwa mpaka ulio wazi. Mfuko ulinunua vitabu na kulipa ada ya kidato cha nne cha kijana huyu, na ndiyo maana alipimwa na kukubaliwa na chuo. Fedha ile imezaa tayari, hata asipofunga pointi nyingine maishani. Fedha ya kumlipa mtu wa simu ni ya aina nyingine, na wajane wa Sola waliotoa shilingi zao baada ya kuuza pamba hawakuitoa kwa kazi hiyo.

Hivyo jibu letu kwa kamati ni kwamba mfuko usiongezee chochote, na baba asiuze ng'ombe. Kuhusu kijana mwenyewe, kwa yale tunayoyajua, anatoka benchi, analinda vizuri, na mitupo huru anaingiza saba kati ya kumi. Huyo si wa NBA mwaka huu. Anaweza kuwa mchezaji wa kulipwa mahali fulani akimaliza miaka miwili iliyobaki na mkono wake ukitulia. Hatuoni haya kuyasema hayo kwa uwazi, na tumemwambia yeye vivyo hivyo kwa simu. Alicheka, akasema kocha wake humwambia maneno yale yale kila Jumatatu.

Katibu wa kamati amemwandikia kocha barua yenye maswali matatu: anafanya nini asipopewa mpira, mtupo wake umebadilikaje tangu mwaka wa kwanza, na amebakiza masomo mangapi ili ahitimu. Baba ameiweka saini. Jibu likifika litasomwa katika kikao kijacho, baada ya taarifa ya kisima.